Wamelipwa, lakini wamepewa nini?

Mama alinipigia simu Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku hapa Dresden, Ujerumani, yeye amesimama uwanjani kwetu Tukuyu, upepo unavuma mpaka nausikia kwenye simu. Kenchi zilikuwa zimeshakaa, bati zimeshushwa kwenye Fuso tangu jana yake.

"Kesho wanapaua," akasema. "Mafundi wapewe nini?"

Nikamjibu haraka, macho yamejaa usingizi: "Mama, si wamelipwa?"

Akanyamaza kidogo. "Nimekuuliza wapewe nini. Walicholipwa nakijua, mimi ndiye niliyewahesabia."

Sisi tulioko nje tunajenga nyumbani kwa simu, na kujenga kwa simu kumetuzoeza kulipa tu. Tunatuma hela, tunadai risiti ya saruji, tunadai picha ya lenta, tunatuma tena. Picha isipofika jioni, moyo unaanza kuwaza wizi. Humo katikati tunasahau kwamba kuna watu wanaobeba karai la zege kichwani, kwenye baridi ya Rungwe, ili mama zetu wasinyeshewe. Na mimi, nasema kweli, aliyenikumbusha kwanza hakuwa mtu wa kwetu. Walikuwa Wajerumani, watu ambao tukirudi likizo tunawasimulia kuwa hawana undugu.

Miezi kadhaa kabla ya simu ile, mwenzangu kazini alikuwa anajenga kijijini, nje kidogo ya Dresden. Mbao za paa ziliposimama, kabla hata kigae kimoja hakijawekwa, alitualika kwenye sherehe wanayoiita Richtfest. Seremala alivaa nguo nyeusi za ufundi wake na kofia pana, akapanda mpaka juu kabisa ya mbao akiwa na glasi mkononi. Shada la matawi mabichi yenye riboni lilikuwa limetundikwa pale juu. Akatamka maneno ya mapokeo, yenye vina, ya kuiombea heri nyumba na kuwashukuru wenye nyumba na waliojenga. Akanywa, kisha akaitupa glasi chini ivunjike. Ikivunjika ni baraka. Mwenye nyumba naye akapewa nyundo apigilie msumari wa mwisho. Baada ya hapo watu wakashuka mezani: soseji, saladi ya viazi, bia, juisi, vyote kwa gharama ya mwenye nyumba. Msanifu wa majengo alikaa ubavuni mwa kijana anayejifunza useremala, na hakuna aliyeona ajabu.

Kilichonishika zaidi ni wakati wenyewe. Nyumba ilikuwa haijaisha. Haikuwa na paa, madirisha wala sakafu. Wanasherehekea pale kwa sababu waashi na maseremala bado wapo. Nyumba ikishaisha watakuwa wametawanyika kwenye kazi nyingine. Sasa tazama sisi. Tunangoja nyumba iishe mpaka rangi ikauke, ndipo tunafanya ibada ya kuiweka wakfu. Anaitwa mchungaji, wanaitwa majirani, ndugu wanapanda basi kutoka Mbeya mjini na Kyela, pilau linapikwa sufuria tatu. Yule aliyechimba msingi kwenye tope la mwezi wa tatu hayupo. Wakati huo yuko Mbalizi anachimba msingi wa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja mle ndani anayelijua jina lake.

Kuna jambo jingine nililoliona huku. Malipo ya fundi hupita benki, kwa ankara. Sheria ya kodi inawasukuma huko, maana mwenye nyumba anayoishi anaweza kupunguziwa kodi asilimia 20 ya gharama ya ufundi wa ukarabati, hadi euro 1,200 kwa mwaka, lakini akiwa amelipa kwa benki tu. Akilipa taslimu hapati kitu. Shukrani ndiyo hupita mkononi: kahawa ya asubuhi, kreti ya bia jioni ya mwisho, noti chache kwenye bahasha. Na bakshishi anayopewa mfanyakazi na mteja kwa hiari haitozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo ni mifuko miwili na kila mmoja una njia yake. Kwetu mfuko ni mmoja. Hela ya ufundi, hela ya kula, hela ya soda, nauli, vyote vinatoka mkono uleule siku ileile, mpaka mwishoni fundi hajui alicholipwa wala alichopewa. Mwenye nyumba naye anaamini ametoa zawadi, kumbe amelipa deni.

Hilo la deni limenitokea mimi. Wakati wa msingi nilikwenda likizo na begi zima la fulana, kofia na chokoleti. Nikawapanga mafundi, nikagawa, nikaomba tupige picha. Walipokea vizuri, kwa mikono miwili. Halafu mmoja wao, mtu mzima kuliko mimi, akanisogelea pembeni na kusema taratibu, "Tunashukuru dada. Na ile ya wiki mbili?" Nilikuwa nimechelewesha malipo ya wiki mbili kwa sababu nilingoja euro ipande kidogo ndipo nibadilishe. Wiki mbili! Wanawe walikuwa wanasubiri ada, mimi namkabidhi kofia. Tangu siku hiyo sina mjadala juu ya hili: mtu unayemdai au anayekudai hapewi zawadi kabla hesabu haijafungwa. Zawadi juu ya deni ni kumziba mtu mdomo.

Najua tutakalojibu. Fundi akisikia mwenye nyumba yuko Ulaya, bei inapanda. Lipo, limenipata, mifuko ya saruji nayo imewahi kupungua. Lakini dawa yake ni makubaliano ya maandishi, hatua kwa hatua: msingi, boma, lenta, kupaua, plasta. Ukitaka kubakiza sehemu ya ufundi ili uone paa likipita masika, sema siku ya kwanza na uandike. Tukuyu paa hujulikana mwezi wa nne, na fundi mzuri hatakataa. Tunachokifanya wengi ni kumbana fundi kwenye bei mpaka shilingi ya mwisho, kisha tunampelekea fulana yenye jina la kampuni ya huku. Afadhali ungemwachia ile bei.

Basi nini kinafaa? Nianze na kazi yangu, kwa sababu mimi mwenyewe napewa shukrani kila mwezi. Nahudumia wazee. Huku wafanyakazi wa nyumba za wazee haturuhusiwi kupokea fedha kutoka kwa tunaowahudumia; kitu kidogo cha heshima kama chokoleti kinavumilika. Masanduku ya chokoleti yamepita mengi, siyakumbuki. Ninayoikumbuka ni kadi ya familia moja iliyomzika bibi yao. Waliandika majina yetu wote sita, mpaka dada anayefagia usiku, na kwa kila mmoja mstari mmoja wa alichokifanya. Kwangu waliandika kwamba nilikuwa naimba kwa sauti ya chini nikimgeuza kitandani. Sikujua kama kuna mtu alisikia. Kadi hiyo iko ukutani kwangu mpaka leo.

Nikafikiria majengo ya zamani ya misheni pale Rungwe. Wamisionari wa kanisa la Moravian walifika 1891, na mji wao wa Herrnhut uko mkoa huuhuu ninaoishi mimi sasa. Tangu utoto nimesikia majina ya wamisionari. Ya waliofyatua na kuchoma matofali yale sijawahi kuyasikia hata moja.

Kwa hiyo zawadi ya kwanza ni kumjua mtu. Ukijua ni nani, utajua anahitaji nini. Fundi wetu mkuu alitoka Ileje na alikuwa analala palepale saiti, kwenye kibanda cha kutunzia saruji. Nilijua hilo kwa miezi minne na halikunigusa, mpaka mama aliponiambia kuwa anajifunika mifuko mitupu. Mwezi wa sita, Tukuyu! Mtu huyo hahitaji saa ya mkononi kutoka Ulaya. Anahitaji blanketi zito, na analihitaji siku ya kwanza. Saidia fundi wanaokanyaga zege kwa ndala wanahitaji gambuti. Mwashi mwenye pima maji iliyopasuka kioo atafurahia pima maji nzuri kuliko mbuzi, kwa kuwa mbuzi ataliwa jioni moja na pima maji itanyoosha kuta za watu miaka kumi. Vifaa ndivyo tunavyoweza kubeba vizuri sisi wa nje: timazi, mwiko imara, futi ya chuma, glavu, miwani ya kukatia vyuma. Havijazi begi, na havimwambii mtu kwamba umempa mabaki.

Bia naiwekea mpaka. Huku wanainywa wakiwa wameshashuka chini. Kwetu nimeona kreti ikifika saa sita mchana, watu wakarudi kwenye mirunda kupiga bati, na mwenye nyumba anajiona mkarimu. Isitoshe, mafundi wengine wa Rungwe ni walokole au Wasabato, hawaigusi kabisa. Uliza kwanza. Nyama, wali wa Kyela, ndizi na chai nzito ya Tukuyu yenye maziwa havijawahi kumkosea mtu.

Mama lishe usimruke. Yule anayekuja na ndoo ya makande saa nne asubuhi, anayewakopesha mafundi wakati wewe hujatuma hela, ndiye aliyejenga nyumba yako kwa mkopo usio na riba. Doti ya khanga ni kidogo sana, lakini ianzie hapo.

Na kuna zawadi moja ambayo natamani tuwe nayo wote. Kijana wetu wa kuchanganya zege alikuwa ameshajua kujenga tofali, anapiga kozi, ile mistari ya tofali, zilizonyooka, ila hana karatasi. Huku mwashi hujifunza miaka mitatu, anafanya mtihani na kupewa cheti kinachomheshimisha maisha yake yote. Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini: mtu anapimwa anachokijua, anaongezewa pale palipopungua, anapata cheti. Niliongea kwanza na fundi mkuu, maana kumruka bosi wake kungemletea kijana matatizo, kisha nikalipia gharama na nauli ya kwenda Mbeya. Hakuna pesa niliyowahi kuituma nyumbani ikaniletea amani kama ile.

Isiyo na gharama kabisa ni kumsemea. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa ukuta sikubali. Ukuta mzuri ukishapigwa plasta hakuna anayeuona. Anayejua umepangwa vizuri ni wewe uliyeona picha za kila kozi. Mpe fundi picha hizo, mwandikie barua fupi yenye tarehe na alichojenga, pokea simu mteja mwingine anapokupigia kumuulizia. Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi atakushukuru kwa barua kama hiyo kuliko kapu la zawadi, kwa sababu anaishi kwa kazi alizokwisha kufanya.

Nigusie tu upande wa pili: afisa anayekuja kukagua kibali au kiwanja siye wa kupewa "shukrani", wala kabla wala baada. Hiyo ina jina lake, rushwa, na ina sheria yake, Na. 11 ya 2007. Usiichanganye na haya ninayoyasema.

Nirudi kwa ile Alhamisi. Jioni yake nilimtumia mama hela ya kuku na mchele, nikamwomba kitu kimoja: awaite kwa majina. Ijumaa saa tisa alinipigia kwa video. Meza ilikuwa mbao mbili za Mafinga juu ya matofali. Mama akaanza na kijana wa maji, akaja wa zege, mama lishe, seremala, waashi, akamalizia na fundi mkuu. Kila mmoja alipoitwa alisema alichokifanya, mama ameagiza hivyo. Kijana wa maji akasema, "Mimi nilipandisha maji kutoka mtoni," na wenzake wakampigia makofi.

Fundi mkuu alivua kofia, akaisogelea simu karibu mno mpaka nikawa naona jicho moja tu na ndevu. "Mwaghonile, dada," akasema. "Ndaga fijo." Ananisalimu na kunishukuru sana, kwa Kinyakyusa. Halafu akaangalia juu, wingu lilikuwa limeshaanza kuteremka kutoka mlimani na kofia tatu za bati zilikuwa bado hazijapigiliwa. Wakaacha sahani. Mama naye akaisahau simu juu ya tofali, nami nikabaki nasikiliza nyundo.