Kitenzi resemble na kosa linalohukumiwa haraka

Mwanafunzi akiandika "She resembles with her grandmother", akikusudia kusema kwamba msichana anafanana na bibi yake, mwalimu hukata kihusishi with kwa kalamu nyekundu na kuendelea na sentensi inayofuata. Kwa upande wa kanuni hana kosa, kwani katika Kiingereza sanifu cha leo resemble huchukua yambwa moja kwa moja, yaani nomino hufuata kitenzi bila kihusishi, hakitumiki katika kauli ya kutendwa, na ni nadra kukikuta katika hali ya kuendelea, isipokuwa panapoelezwa kitu kinachozidi kufanana na kingine. Mtahini naye atakata alama, na hilo halina mjadala.

Lenye mjadala ni lile wazo, linalosikika hata miongoni mwa walimu wazuri, kwamba kosa hilo ni uzembe mtupu. Anayetokea kwenye Kiswahili, ambako mtu hufanana na mwenzake, amefuata mantiki timamu. Isitoshe, historia ya kitenzi chenyewe haimtupi mkono kabisa. Kiliingia Kiingereza katika karne ya 14 kutoka resembler ya Kifaransa cha kale, ambayo asili yake ni simulare ya Kilatini, yaani kuiga au kujifanya, neno lililozaliwa na similis, lenye maana ya kitu kinachofanana na kingine. Kwa muda mrefu kilibeba maana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha kwa mnyambuliko tu: kufanana na kufananisha. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Luka 13:18, Yesu anauliza aufananishe na nini ufalme wa Mungu, na kitenzi kilichotumika ni resemble, tena pamoja na whereunto, neno ambalo ndani yake mna kihusishi. Maana hiyo ya pili imekwisha kufa, na kihusishi chake kimezikwa nayo.

Mtetezi wa kanuni atajibu, na jibu lake lina uzito, kwamba ushahidi huo ni wa kufananisha, si wa kufanana, na kwamba hata Kifaransa cha kale kilizoea kukipa kitenzi hiki yambwa bila kihusishi. Ni kweli. Hata hivyo, Kifaransa chenyewe kiligeuka baadaye, na leo husema ressembler à, pamoja na kihusishi à. Ndiyo maana Mfaransa anayejifunza Kiingereza naye huteleza na kuandika "resemble to", ingawa neno lilitoka kwao.