Mkaguzi wa Wanzuki

Ubishi ulianzia barazani kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa reli, mzaliwa wa Tabora, asiyekubali kwamba kuna kitu kizuri duniani kisichotoka Unyamwezini. Nilikuwa nikimsimulia kwamba huko Ubelgiji watu wanaloweka cheri kwenye bia, wengine wanatia giligilani na maganda ya machungwa, na wateja wanalipa bila kulia. Wajerumani, nikamwambia, wao hawana mchezo huo. Bavaria walitunga sheria mwaka 1516: bia ni shayiri, hopsi na maji, mengine kamnyweshe mbuzi.

Shemeji akajikuna kidevu. "Wajerumani ndio walioifikisha reli hapa, 1912. Wabelgiji wakaja 1916, wakauteka mji, Mjerumani akakimbia. Sasa si umeona mwenyewe nani alikuwa na pombe nzuri?"

Historia ya namna hiyo huwezi kuijibu ukiwa mgeni, tena ukiwa unakula ugali wa mwenye nyumba. Akaendelea: "Halafu hayo matunda yao ya Ulaya unayashangaa nini? Kesho nakupeleka kwa mama mmoja."

Asubuhi akanipakia kwenye pikipiki, tukashika njia ya Kwihara, huko kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Tembe hatukuligusa. Tulikata kona kabla, tukaingia kwenye uwanja uliofagiwa vizuri chini ya miembe mikubwa, mabenchi yamepangwa, wazee wameshika makopo, nyuki wanazunguka kama nao ni wateja wa kila siku. Barazani lilisimama friji moja refu, mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Mwangaluka, mama," shemeji akaamkia.

"Mwangaluka, baba. Karibuni."

"Nimekuletea mgeni kutoka Dar. Anataka kuona kila kitu."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, nayashikilia mpaka leo. Akayasema, simu yake ikalia, akaniambia anafuata nyama ya mbuzi mara moja, akawasha pikipiki akaondoka. Mama na wazee wote wakabaki wananitazama: shati nimechomekea, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Yule mama ni msemaji, na kazi yake anaijua. Wanzuki, akanieleza, ni asali na maji na chachu, basi. Joto ndilo linalofanya kazi, wewe unasubiri tu. Ukiiwahi ni tamu, mtoto anaweza kuililia. Ukiichelewesha asali yote inaliwa na chachu, inabaki kali, ya watu wazima wenye shida zao. Yeye amezaliwa kwenye pombe hiyo, lakini alichoka kuuza kitu kilekile, akaanza kujaribu: jaba hili la ukwaju, lile la ubuyu, lile la mchaichai, lile pale tangawizi na pilipili kichaa, na kwenye chupa kuna ya embe dodo. "Hili jaba la ukwaju unaloliona, baba, jua halizami nalo. Linaisha lote!"

Nikaona haya ni mambo ya kuandika. Nikatoa daftari.

Kilabu kizima kilinyamaza. Mzee wa karibu yangu alilishusha kopo lake taratibu mpaka chini ya benchi, macho yakiwa juu kwenye matawi, kana kwamba alikuja kukagua maua ya mwembe. Kijana wa bodaboda aliondoka bila abiria wake, na abiria akaondoka kwa miguu upande mwingine.

"Ulisema jaba moja ni lita ngapi?" nikauliza.

Mama akalitazama lile jaba la bluu kama ndiyo kwanza analiona. "Hilo? Hilo ni la maji."

"Na ya ukwaju je?"

"Kidogo tu, baba. Ya kunywa wenyewe."

"Maji mnachota wapi?"

"Bombani. Tunachemsha."

Nikaandika. Akaiangalia kalamu. "Mara mbili," akaongeza.

Mimi nilidhani ni aibu ya mwanamke anayehojiwa na mgeni. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kilemba kipya, mkononi leseni ndani ya fremu ya kioo, akaiegemeza mezani mbele yangu kama picha ya marehemu. Nikamwambia ni nzuri sana. Binti yake akaanza kuyaosha makopo yote upya kwa sabuni, yakiwemo yaliyokuwa mikononi mwa watu.

Ndipo nikaanza kuonja. Niliwahi kusoma kwamba mwonjaji hanywi kama mwenye kiu: hutazama rangi, hunusa, huzungusha mdomoni. Nikaliinua kopo kwenye mwanga, nikanusa, nikafumba macho. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ametoka maabara."

Na ladha zilikuwa ladha kweli. Ukwaju unaanza na ugwadu unaokaza mashavu, kisha asali inakuja nyuma kuomba msamaha. Ubuyu una kaunga kanakobaki kwenye ulimi, nikaona angechuja tena. Mchaichai sikuuelewa, ni chai iliyolewa. Halafu tangawizi na pilipili kichaa. Hiyo haikuzunguka mdomoni hata kidogo. Ilitoka yenyewe, kwa nguvu, ikatua kwenye kiatu cha mzee wa kukagua maua, na machozi yakanichuruzika mbele za watu.

Sasa mtu anayelipiwa pombe na bado anaitema, pale kijijini wana maelezo mawili tu: ama mgonjwa, ama serikali.

Kutoka pembeni kabisa, nyuma ya mwembe, akasimama bwana mmoja wa makamo. Alifunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, akafuta povu kwenye sharubu, akaja akinyoosha mkono.

"Karibu sana kiongozi. Mimi ndiye bwana afya wa hapa. Nilikuwa kwenye ukaguzi."

"Wa nini?" nikauliza, kwa nia njema kabisa.

Akameza mate. "Wa... wa kushtukiza."

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, kwa sababu bwana afya aliamua kunionyesha kwamba anafanya kazi. Akamgeukia mama, akaanza kumfokea kuhusu vifuniko vya majaba, kuhusu nzi, kuhusu shimo la taka. Mama akamtazama kwa jicho ambalo hata mimi mgeni nililisoma: lilikuwa jicho la mtu anayedai. Nami nikawa nimetazama barazani, nikaandika "friji bovu", na mama akaliona neno hilo na kushika kiuno.

"Na hizi chupa!" bwana afya akapaza sauti. "Hizi lazima tuchukue sampuli."

Zilikuwa chupa za plastiki za soda, wanzuki ya embe dodo, zimepangwa ukingoni mwa baraza, na jua lilishahama likazipata vizuri. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mafriji. Gesi iliyobanwa naijua. Chachu haijui kwamba umefunga kizibo. Inaendelea kula sukari na kutoa hewa, na sukari ya asali ukiongeza ya embe ni karamu. Chupa ilikuwa imevimba mpaka kitako kimetokeza nje, imeshindwa kusimama. Nikanyoosha mkono kusema, "Mzee, hiyo usi—"

Akafungua. Tena alikuwa ameielekeza kwangu ili niione vizuri.

Kizibo sijui kilikwenda wapi. Pombe yote ilikuja kwangu: usoni, shingoni, ndani ya shati, nyuzi za embe zimening'inia kwenye nyusi. Na nimeshasema kwamba pale nyuki walikuwa wateja wa kila siku.

"Usiwapige!" wazee wakapiga kelele. "Simama tuli!"

Ushauri huo ni mzuri kwa mtu asiyenukia asali na embe. Nilikimbia. Niliuzunguka mwembe mara ambazo wazee wanabishana mpaka leo, nikalipita jiko, nikaliona jaba la bluu lisilo na kifuniko, lile ambalo mama aliniambia mwenyewe kwamba ni la maji, nikatumbukiza kichwa mpaka mabegani.

Lilikuwa la ukwaju.

Shemeji alirudi na mfuko wa nyama akakuta moshi wa majani mabichi umetanda uwanja mzima, mimi nimekalishwa chini, jicho moja limefumba, binti ananikamua miiba, na bwana afya ananipepea kwa fremu ya leseni.

"Mmemfanya nini shemeji yangu?"

"Shemeji yako?" mama akauliza. "Si mkaguzi huyu?"

"Mkaguzi wa wapi? Huyu ni fundi friji!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Makopo yakatoka chini ya mabenchi. Bwana afya alifungua kifungo cha shingoni, kisha cha pili, akarudi nyuma ya mwembe bila kuniaga. Mama peke yake hakucheka. Aliliokota daftari langu, akalikung'uta, akaanza kusoma kwa sauti: ukwaju, kopo moja, ubuyu, moja, "achuje tena", mchaichai, moja, pilipili, moja. Vyote alivyonipa bure kwa heshima ya serikali vikapata bei papo hapo, na jaba zima la ukwaju nililooshea kichwa likawekwa juu yake.

"Mama, lita zote hizo? Si ulisema ni ya kunywa wenyewe?"

Akageuza ukurasa. "Hapa umeandika 'friji bovu'. Limeharibika nini?"

Basi jua lilinikuta nimepiga magoti nyuma ya lile friji, jicho moja linaona na jingine limelala, bwana afya akinimulikia kwa simu huku kopo likiwa mkono wa pili. Gesi ilikuwa imeisha. Shemeji anatafuna nyama.

"Kiongozi," mama akaniita kutoka jikoni, "ukimaliza hilo, kuna la jirani."