Nimemsomea jirani barua ya nchi yake

Jana jioni nimegongewa mlango. Kumbe ni bibi wa ghorofa ya tatu, karatasi mkononi, miwani inaning'inia kifuani. "Sinok," akaniambia, ndivyo anavyoniita, yaani mwanangu kwa Kirusi, "hebu nisomee hii." Barua ya uongozi wa jengo, kwa Kiestonia: Jumanne saa tatu asubuhi mafundi wanakuja kusafisha matundu ya hewa ya jikoni na bafuni, kila mtu awepo nyumbani. Nikamweleza kwa Kirusi changu cha kuokoteza kazini, mikono ikisaidia pale maneno yalipoisha. Akanipa mtungi wa matango ya chumvi.

Mtoto wa Tanga, mwaka wa tano tu hapa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, namsomea barua mtu aliyeingia jengo hili likiwa bado linanuka saruji!

Tunakaa Lasnamäe, maghorofa ya zege ya enzi za Wasovieti. Ngazini Kirusi, kituo cha basi Kirusi. Dukani keshia ananisalimia kwa Kiestonia, "tere", kwa kuwa mimi ni mgeni, wa nyuma yangu anasalimiwa kwa Kirusi. Bibi alitoka Pskov, Urusi, miaka ya 1970 kuja kufanya kazi kiwandani, nchi ikiwa moja. Mwaka 1991 Estonia ikarudisha uhuru wake, naye akawa mgeni bila kuhama hata chumba. Waliokuwa raia kabla ya 1940 na vizazi vyao walibaki raia. Wengine, mtihani wa lugha. Yeye hakuufanya, na mpaka leo ana ile pasipoti ya kijivu ya wasio na uraia wa nchi yoyote. Oktoba 2025 alipiga kura ya baraza la jiji kwa mara ya mwisho, maana katiba ilibadilishwa mwaka huohuo.

Mtasema masikini bibi. Na mimi nasema hivyo, ila Waestonia nao siwezi kuwalaumu. Mwaka 1934 walikuwa asilimia 88 ya watu wa nchi hii. Kufika 1989 wamebaki 61. Nchi nzima haifiki watu milioni moja na nusu! Na hicho kilugha chao, ambacho neno "nyumba" peke yake lina maumbo zaidi ya kumi katika umoja tu (yamenitoa jasho, msiulize), ndicho Chuo Kikuu cha Tartu kinachofundishia tangu 1919. Sasa na shule za Kirusi zinahamishiwa huko, tangu Septemba 2024, zikianza na chekechea, darasa la kwanza na la nne. Mjukuu wa bibi alikuwa la nne. Analia na hesabu. Si kwamba hesabu hajui, hajui maneno ya hesabu.

Kidato cha kwanza hicho, jamani! Mwalimu anauliza kama tumeelewa, darasa zima "yesi sa", hakuna aliyeelewa. Tofauti ni kwamba mjukuu wa bibi analilia lugha ambayo akitoka Lasnamäe anaikuta mjini. Sisi tulilia Kiingereza, lugha ambayo hata muuza chapati wa getini hakuihitaji.

Haya, nawasikia. "Kaenda Ulaya juzi, leo anatufundisha kupenda Kiswahili." Sifundishi mtu. "Mbona binti yako anasoma shule ya Kiingereza?" Ni kweli, anasoma, na ada nalipa mimi. Kayumba, shule ya serikali, nimesoma, watoto themanini darasa moja, simrudishi huko ili nionekane mzalendo. Lakini mwezi uliopita shule ilimpa barua ampelekee mama yangu, bibi yake, anayemlea pale Tanga. Kiingereza kitupu. Mama akavaa kanga akaenda kumtafuta kijana wa duka la dawa amsomee. Mama yangu huyo ana mashairi ya Kiswahili kichwani ya kukesha nayo! Na kila tarehe 7 Julai tunapiga ngoma, Siku ya Kiswahili Duniani.

Bibi hakuondoka upesi jana, nilimchemshia chai. Akauliza kwetu kuna lugha ngapi. Nikamwambia zaidi ya mia, ila ipo moja inayotuunganisha, na wengi wetu si ya mama zao. Nikajidai kidogo, sikatai. Mhaya anaiongea kihaya, Mmakonde kimakonde, tunachekana, basi, hakuna anayemdai mwenzake cheti.

"Na mtihani mliufanyia wapi?"

Hakuna mtihani, bibi.

Akatikisa kichwa, akakoroga chai muda mrefu. "Basi sekondari mnasoma kwa lugha hiyo."

Nikafungua mtungi, nikaanza kumsifia matango yake.