Kamera za mtego ni nzuri, ila walioko juu ya miti nani atawahesabu?

Siku hizi ukitaja sensa ya wanyama msituni watu wanawaza kamera za mtego tu, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na hoja ninayoisikia sana ni kwamba hela za kulipa watu wa kutembea msituni wakihesabu wanyama zinunue kamera zaidi. Naielewa, na pale milima ya Udzungwa, Tanzania, ina ushahidi kabisa. Hapo ndo minde, swala wa msituni, alipigwa picha ya kwanza akiwa porini, mwaka 2003, halafu 2005 kamera ikamnasa kule Ndundulu, msitu wa hukohuko Udzungwa, sange mwenye uso wa kijivu, kamnyama ka pua ndefu ka gramu 700 hivi, sayansi haikuwa inamjua kabisa mpaka akatangazwa spishi mpya 2008. Na minde anatembea zaidi usiku, saa hizo watu wako kambini wamelala. Halafu kuna utaratibu ulioanza hapo Udzungwa 2009, kamera 60, kila moja inakaa siku 30, yaani siku 1,800 za kuangalia, na mwaka unaofuata unarudi palepale unalinganisha.

Sawa, ila hiyo kamera imefungwa wapi? Kwenye shina, usawa wa goti, inaangalia kijia. Kikipita kitu chenye joto inapiga, mbega wekundu walioko juu ya matawi haina habari nao.

Sasa mchukulie kipunji, kima anayeishi juu ya miti. Wawindaji wa Kinyakyusa kule mlima Rungwe walikuwa wanamtaja siku zote, hata jina ni lao, ikadhaniwa labda ni hadithi tu, mpaka watafiti walipomfuata kwa miguu 2003 wakamkuta, mwaka uliofuata akaonekana na Ndundulu, na 2006 ikabainika ni jenasi mpya kabisa ya kima, yaani ngazi ya juu ya spishi, ya kwanza Afrika tangu 1923! Mangabe wa Sanje, kima mwingine wa Udzungwa, naye 1979 alianza kwa sauti tu, watafiti wanajiuliza ni nini kile, mwenyeji aliyekuwa anawaongoza yeye anajua.

Sensa ya kwanza ya kipunji iliyochapishwa 2008 ilitoa 1,117, na hao walihesabiwa na watu waliotembea, kundi kwa kundi, shingo juu. Ndundulu walikuwa 75 tu, makundi manne. Hiyo 75 hainitoki kichwani. Wakipungua wakabaki 60, kamera itakwambiaje? Itakuonyesha mmoja ameshuka kuokota kitu, kesho tena mmoja, na huwezi kujua kama ni yuleyule wa jana manake hana madoa ya kumtofautisha kama chui. Kumi na tano wanapotea na picha zinaendelea kuja kama kawaida.

Kutembea kuna shida zake pia, sikatai. Watu wanatofautiana macho, mvua ikinyesha siku imeharibika, na mnyama mwoga anakusikia kabla hujamuona. Lakini anayetembea polepole, kilomita moja kwa saa, anasikia mlio anajua ni kundi gani na liko upande gani, na akikuta tanzi la waya kwenye kijia analifungua hapohapo.

Mimi kamera 60 ningeziacha zilivyo. Hela ya kuongeza nyingine ningewapa vijana wa Mang'ula na Sanje, chini ya milima hiyo, wanaozijua sauti za msitu tangu utotoni, wapande Ndundulu kila mwaka, wawahesabu wale 75 upya.