Tangu Mwaka 1970

Shambani kwetu Muheza tuna kituo cha hali ya hewa cha kuungaunga: kihisi cha joto, kifaa kidogo cha kujaa kiganjani na modemu inayoishi kwa bando la bosi. Kila dakika joto linaandikwa kwenye kanzidata. Fundi aliyekiunda, kijana anayejua kila kitu isipokuwa kwamba umeme hukatika, hakuweka betri ya saa.

Sasa, vifaa vya namna hii huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Vikikosa pa kuulizia saa, vinaanza na sifuri. Umeme ukikatika usiku na bando limekwisha, chetu kinaamka, kinauliza intaneti, kimya. Basi kinajiandikia: 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa za huku, nyuzi 22. Asubuhi bosi ananunua bando, saa inakaa sawa, maisha yanaendelea. Usiku mwingine ukikatika tena, kinarudi palepale. Na kwa kuwa fundi aliufanya muda ndio ufunguo, yaani jina la pekee la kila kipimo kwenye kanzidata, kipimo kipya kinakikalia cha zamani na kukifuta. Masika nzima ya usiku imerundikana kwenye alfajiri moja ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona!

Siri ilifichuka siku ya wafadhili. Bosi akawasha projekta. Kushoto kabisa, mwaka 1970, kidoa cha nyuzi 22. Kulia kabisa, mchana wa siku ile, nyuzi 31. Katikati programu imeviunganisha kwa mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo, unapanda taratibu kwa zaidi ya nusu karne.

Mama mfadhili akavua miwani. "Nyuzi tisa! Mnapima tangu 1970?"

Nikafungua mdomo. Bosi akanikanyaga chini ya meza.

"Tumetoka mbali, mama."

Mama akauliza kama daftari za mwanzo bado zipo, maana kuna fungu la kuhifadhi kumbukumbu kongwe. Zipo, akajibu bosi, ila mchwa wamezionja kidogo.

Jioni nikafunga betri ya saa, nikakipa kila kipimo namba yake ya mfululizo, na chenye tarehe ya ajabu nikakitenga pembeni kisimfute mwenzake. Bosi hakuja hata kuangalia. Alikuwa getini, anamhoji mlinzi.

"Mwaka sabini nilikuwa darasa la tatu, bosi," mlinzi alisema. "Lakini posho ikiwepo, joto lote nalikumbuka."