Kapeti ni deni: maoni kuhusu viwanja vidogo vya soka vya kukodi

Mwenye kipande cha ardhi Nairobi au Dar es Salaam akitafuta ushauri wa biashara, hakawii kupigiwa hesabu hii. Uwanja kamili wa soka, mita 105 kwa 68, huchezewa na watu 22. Eneo hilohilo likikatwa viwanja sita vya mita 40 kwa 20, watano kwa watano, wanacheza watu 60 kwa mpigo na njia za kupita zinabaki. Kila mmoja katoa mchango wake kwa simu kabla ya filimbi.

Hesabu ni sahihi. Ugomvi wangu ni kwamba wengi wanaishia hapo.

Waingereza walishatutangulia. Powerleague, kampuni ya kukodisha viwanja vidogo kama hivi, ilianzia Paisley, Scotland, mwaka 1987. Goals Soccer Centres, nyingine ya aina hiyo yenye makao East Kilbride, hukohuko Scotland, iliingia soko la hisa la AIM jijini London mwaka 2004. Kwa muda mrefu ilionekana ni kutandika nyasi bandia, kuwasha taa na kupokea wateja. Mwaka 2018 Powerleague ililazimika kupatana na wadai wake ili ifunge baadhi ya vituo. Mwaka uliofuata hisa za Goals zilisimamishwa baada ya kugundulika kwamba kodi ya VAT ilikuwa haijalipwa sawasawa kwa miaka, deni la takriban pauni milioni 12, na kabla ya Krismasi kampuni ilikuwa imeuzwa. Kashfa hiyo ndiyo iliyoandikwa sana. Lakini hata kabla yake Goals ilikuwa mbioni kubadilisha nyasi zilizochakaa, na hapo ndipo ningependa wawekezaji wetu watazame kwa makini.

Kapeti ya nyasi bandia, ikitunzwa vizuri, hudumu miaka minane hadi kumi. Kutunza maana yake ni kuipiga brashi kila wiki, kurudishia mchanga na chembe za mpira zinazotoka na viatu, na kuziba mishono inayoachia. Mbele ya goli ndipo inapokwisha kwanza, kwa sababu kipa hasogei mbali na kila shambulizi linaishia hapo. Mteja haoni brashi, ila goti lake likichubuka anajua. Na anayehama huwa si mtu mmoja: nahodha anayekusanya pesa kwenye kikundi cha WhatsApp akihama, kumi wanaondoka naye, na saa yao ya kila Jumanne inabaki tupu.

Pesa yenyewe huingia kwa saa chache. Jua la saa saba mchana huichemsha kapeti hadi hakuna anayetaka kuikanyaga, kwa hiyo kituo kinaishi kwa saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, pamoja na asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Mmiliki akiona jioni zimejaa anadhani yote ni faida, kumbe sehemu yake ni ya kapeti ijayo. Mimi ningemtaka siku anayofungua geti afungue na akaunti ya pili, achukue bei ya kapeti mpya, aigawe kwa miezi 96, na aweke fungu hilo kila mwezi kabla hajajilipa.

Kuna jambo jingine linakuja. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku uuzaji wa chembe za mpira za viwanjani kuanzia Oktoba 2031, kwa kuwa ni plastiki ndogondogo zinazosambaa kwenye udongo na maji. Naogopa shehena zitakazokosa soko huko zitatafutiwa wanunuzi kwetu kwa bei ya kutupwa.

Halafu saa tisa alasiri. Jua linaanza kulegea, uwanja mtupu, na watoto wanarudi kutoka shule. Viwanja vya wazi walivyochezea chandimu kaka zao vimejengwa maduka na maegesho. Saa hizo ziuzwe kwa bei ndogo kwa shule za jirani, na timu za wasichana zitengewe siku zao. Pale ambapo ardhi ni ya halmashauri, jambo hili lisiachwe kwa hisani ya mwekezaji: liandikwe kwenye mkataba wa upangaji, na ratiba ibandikwe getini mzazi yeyote aisome.