Moduli ya ulinzi sio flashi ya kuchomoa

Kuna mwandishi anasema eti raha ya Linux ni kwamba ulinzi wake ni moduli, yaani vipande vya programu, unachomeka na kuchomoa unavyotaka, jamani hiyo ilishapitwa zamani. Ni kweli 2001 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, walipoleta SELinux, mfumo wao wa ulinzi wa Linux, Linus Torvalds aliyeianzisha Linux hakutaka mfumo mmoja uwekwe ndani ya kerneli (kiini cha Linux) kama ndo huo huo tu, akataka kuwe na mahali pa kujishikiza kila mtu alete wake, ndo ikazaliwa LSM (Linux Security Modules) ikaingia na kerneli 2.6 mwaka 2003. Ila toka kerneli 2.6.24 huwezi tena kuzipakia hizo za ulinzi kama moduli mashine ikiwa inatembea, zinajengwa humo humo kwenye kerneli, we unachagua tu ipi ifanye kazi mashine inapowaka. Na sababu iko wazi, mlinzi anayetolewa getini saa yoyote hata mwizi akishapata root, yaani mamlaka yote ya mashine, si atamtoa tu.

Shida mi naiona kwetu watumiaji. Juzi kazini, kwenye mashine yenye SELinux, jamaa kahamisha faili za tovuti kwa amri ya mv toka home yake (folda lake binafsi) kwenda /var/www, folda la tovuti, Apache inayohudumia tovuti ikagoma, 403 (hairuhusiwi), hata logi hajaangalia kapiga setenforce 0, SELinux ikabaki kuandika tu makosa bila kuzuia, huyoo kaenda kunywa chai. Kumbe faili zimebaki na lebo za home, zile SELinux inazotazama kujua nani aguse faili gani, restorecon -R ya kurudisha lebo sahihi ingemaliza kila kitu. OpenBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wao ulinzi wao wa pledge uko ndani tangu toleo la 5.9 la 2016, programu yenyewe inajifunga mikono na admin hana swichi ya kuuzima. Hapo nawapa tano.